Macho makavu Unguja na Pemba: kuyatunza kaskazi, masika, kusi na wakati wa karafuu

Jicho linalochoma kama lina mchanga, linalotia ukungu jioni baada ya simu, linalochuruzika machozi asubuhi ukipanda vespa: mara nyingi tatizo ni moja, nalo ni ukavu. Wengi hushangaa. Jicho linalomwaga machozi, vipi liwe kavu? Machozi yale ni ya dharura. Uso wa jicho ukikauka, neva za konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hupiga yowe, na tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje hufungulia maji kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha kuyashikilia. Hutelemka shavuni na kuliacha jicho kama lilivyokuwa.

Machozi ya kawaida huwezi kuyaona. Ni utando mwembamba sana: chini ute unaoshikamana na jicho, katikati maji, juu mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ndani ya kope, kiasi cha 25 hadi 40 kope ya juu na 20 hadi 30 ya chini. Matundu yake yako ukingoni mwa kope, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Kila ukipepesa, kope huzibana tezi, mafuta kidogo yakatoka na kutandazwa juu ya maji. Mafuta yakiwa mazito kama samli iliyoganda, tundu huziba, na maji yaliyobaki bila kifuniko hukauka kabla hujapepesa tena.

Ushauri mwingi kuhusu maradhi haya umeandikwa kwa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani hukauka kwa sababu ya mitambo ya kupasha nyumba joto. Watu wa huko huambiwa wanunue mashine ya kutia unyevu chumbani. Sisi hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima, hata chumvi mezani hulowa. Kinachotukausha ni upepo unaopiga usoni, wa bahari na wa panka, pamoja na mafuta ya kope yasiyotoka. Basi pesa zako na juhudi zako zipeleke huko kwanza.

Hakikisha kwanza kama ni ukavu

Kaa kivulini, panka limezimwa, saa mkononi. Pepesa mara mbili kwa ukamilifu, kisha acha macho wazi ukitazama mbele bila kuyakodoa. Hesabu sekunde mpaka pale jicho linapoanza kuchoma au picha inapofifia. Fanya mara tatu, upumzike dakika moja kila baada ya jaribio. Ikiwa kila mara huvuki sekunde 10, na unaona dalili tulizotaja, anza hatua zilizo hapa chini. Ukifikisha 15 au 20 bila taabu, tafuta sababu nyengine.

Na sababu nyengine zipo. Kuwasha kunakokufanya utamani kusugua, pamoja na chafya, ni mzio zaidi kuliko ukavu, na huo hutulizwa kwa taulo baridi, si ya moto. Kope zilizogandana kwa usaha asubuhi ni maambukizi. Ugonjwa wa macho mekundu, kama ule ulioenea Tanzania Januari 2024, huletwa na virusi. Wenyewe huondoka, lakini unaweza kuacha ukavu kwa wiki kadhaa baadaye, na hapo matone ya kulainisha husaidia. Nyama nyeupe au nyekundu inayotambaa kutoka kona ya upande wa pua kuelekea kwenye mboni ni kinyama cha jicho. Huwapata sana wavuvi na watu wa juani, na huleta ukavu wake kwa sababu machozi hayatandiki sawasawa juu ya nundu. Ikiwa ni jicho moja tu linalosumbua na la pili ni zima kabisa, usijitibu, nenda ukaangaliwe.

Taulo ya moto, ifanywe sawasawa

Hii ndiyo tiba ya nyumbani yenye nguvu kuliko zote kwa mtu ambaye kope zake zimeziba, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Utahitaji taulo mbili ndogo za uso, nzito kidogo, bakuli, kikombe, na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka. Khanga haifai hapa. Ni nyepesi na hupoa kabla hujalala vizuri.

Tia bakulini kikombe kimoja cha maji yaliyochemka sasa hivi, kisha vikombe vitatu vya maji ya bomba. Maji yetu ya bomba yana joto la kama nyuzi 27, kwa hiyo mchanganyiko hutoka karibu na nyuzi 45, na taulo ikishakamuliwa na kufika kopeni huwa karibu 40, joto linalotosha kulainisha mafuta yaliyoganda. Wanaochanganya nusu kwa nusu hupata zaidi ya nyuzi 60. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na huungua kwa joto ambalo kiganja hakilisikii. Jaribu maji kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: yawe ya moto lakini uweze kuyavumilia bila kuutoa mkono. Mwenye kisukari aliyepata ganzi mikononi amwombe mtu mwengine ampimie.

Lala chali. Kamua taulo ya kwanza isidondoke maji, ikunje mara tatu, ilaze juu ya macho yote mawili yaliyofumbwa. Usikandamize. Taulo hupoa baada ya dakika moja hadi mbili; hapo chukua ya pili, na ya kwanza irudishe bakulini. Kila baada ya mizunguko miwili ongeza robo kikombe ya maji ya moto kutoka kwenye chupa, maana bakuli nalo hupoa. Endelea dakika 8 hadi 10. Anayeweka taulo mara moja na kuiacha hapo dakika 10 amepata dakika mbili za moto na nane za baridi, kisha husema tiba haifanyi kazi.

Ukiiondoa taulo, usichelewe. Mafuta huganda tena upesi. Mikono ikiwa safi, fumba jicho na kwa ncha ya kidole isiyo na kucha ndefu sukuma kope ya juu kutoka chini ya nyusi kushuka kwenye mstari wa nywele, polepole, kuanzia upande wa pua hadi upande wa nje. Kope ya chini isukume kupanda juu. Mara 5 hadi 10 kila kope. Unakanda kope, hukandi jicho. Ukiona nyota au giza umebana sana.

Mwisho safisha ukingo. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya kipande cha pamba, kikamue, kisha pitisha mahali nywele zinapoota, kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje, kipande kipya kwa kila jicho. Magamba madogo kama mba yakishikilia kwenye shina la nywele, yalainishe kwa pamba iliyolowa na uyaache dakika moja kabla ya kuyafuta. Usiyakwangue kwa kucha.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kulala. Nafuu ya kweli huonekana baada ya wiki 4 hadi 6. Siku tatu za mwanzo macho yanaweza hata kutia ukungu kidogo kwa sababu mafuta ya zamani yanatoka. Ukishapona, bakia na mara moja kwa siku, au hata mara tatu kwa wiki. Ukiacha kabisa, tezi huziba tena.

Matone: yapi, mangapi, vipi

Machozi ya bandia hayatibu chanzo, lakini hulilinda jicho wakati chanzo kinashughulikiwa. Dukani utakuta yenye hipromelosi, mara nyingi asilimia 0.3, na yenye kaboksimethiliselulosi, ambayo kwenye boksi huandikwa kwa herufi CMC, asilimia 0.5 au 1. Ya 0.5 ni mepesi na hayatii ukungu, yanafaa mchana. Ya 1 ni mazito, hukaa zaidi, na hufunika uoni kwa dakika chache. Yatie usiku au ukiwa hutaendesha chombo. Kwa anayelala macho yakiwa hayakufumbika kabisa, jambo ambalo mwenzako wa chumbani ndiye atakayekwambia, mafuta mazito ya macho ya kulainisha, kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope ya chini kabla ya kulala, yatakufaa kuliko matone.

Anza na tone moja mara 4 kwa siku. Kama unahitaji zaidi ya hapo kila siku, tafuta yasiyo na kihifadhi. Kihifadhi cha kawaida, benzalkoniamu, kikizidi huudhi uso wa jicho ulioletwa kutibiwa, na watu wengi hunasa hapo: jicho linachoma, wanaongeza matone, linachoma zaidi.

Jinsi ya kutia: nawa mikono. Inua uso, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, tazama juu, dondosha tone moja mfukoni bila ncha ya chupa kugusa nywele wala jicho. Tone moja linatosha kabisa, kwa sababu jicho haliwezi kushika maji ya tone zima. La pili linakwenda shavuni na pesa zake. Fumba macho polepole bila kupepesa, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani, pale jicho linapopakana na pua, kwa dakika moja hadi mbili. Hapo ndipo tundu la machozi lilipo. Ukiliziba, dawa haitelemki kooni na hutosikia uchungu wake. Ikiwa una dawa nyengine ya macho, subiri dakika 5 kati ya moja na nyengine. Mafuta yawe ya mwisho.

Chupa ukiifungua, andika tarehe kwa kalamu ubavuni mwake. Zikifika siku 28, itupe hata kama imebaki nusu, isipokuwa boksi lenyewe liseme muda mwengine. Usiiache juu ya dirisha linalopigwa na jua wala kwenye dashibodi ya gari. Kwenye friji inaweza kukaa, mbali na sehemu ya kugandisha, na tone la baridi lina raha yake wakati wa kaskazi. Msichangie chupa moja nyumbani, hata mama na mwana.

Mwezi wa Ramadhani wengi huacha matone kutwa, macho yakawaka hadi magharibi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, kutia dawa machoni hakubatilishi saumu; mwenye shaka amuulize sheikh wake. Anayependa kujiepusha atie mazito wakati wa daku, tena baada ya futari na kabla ya kulala, na taulo ya moto aifanye usiku. Mchana akae mbali na panka.

Kupepesa

Mtu akizungumza hupepesa kama mara 15 kwa dakika, pengine zaidi. Akiitazama simu hushuka mpaka chini ya nusu, na nyingi kati ya hizo huwa nusu-pepeso, kope ya juu haifiki kuigusa ya chini, hivyo sehemu ya chini ya jicho hubaki kavu na tezi hazibanwi. Zoezi ni hili: fumba polepole, hesabu mbili; bana kidogo, hesabu mbili; fungua. Mara kumi. Lifungamanishe na kitu kisichosahaulika. Wanaosali wanaweza kulifanya baada ya kila sala, na mtu wa ofisini aongeze kila saa.

Skrini iwe chini ya usawa wa macho. Ukitazama chini, kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na machozi hukauka taratibu. Ukitazama juu jicho lote huwa wazi. Kompyuta iwe umbali wa sentimita 50 hadi 70. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mita 6 au zaidi, kama mnazi ng'ambo ya uwanja, kwa sekunde 20.

Upepo wa ndani

Panka la dari juu ya kitanda ni chanzo kikubwa sana cha macho ya asubuhi yaliyo mekundu na mazito. Huwezi kulala bila panka mwezi wa Februari, na hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Geuza kitanda ili panka liwe juu ya miguu, au teremsha kasi hadi ya kwanza au ya pili. Panka la kusimama liweke upande wa miguuni, lielekee magotini, na liwe linageuka. Chandarua hupunguza kasi ya upepo unaofika usoni, kwa hiyo kiteremshe na siku ambazo mbu ni wachache.

Kiyoyozi ndicho kifaa pekee kwetu kinachokausha hewa kweli. Yale maji yanayodondoka nje ukutani ndiyo unyevu kilioutoa chumbani. Ofisini, benki, au hotelini mapokezi, mapezi yake yaelekeze juu kwenye dari, joto liwe nyuzi 25 au 26, na meza isiwe mbele yake. Ndani ya gari matundu yaelekeze kifuani au miguuni.

Mwaka mzima, msimu kwa msimu

Kaskazi, Disemba hadi Machi, jua ni kali na upepo unatoka kaskazini mashariki. Nungwi, Matemwe na Micheweni ndio wanaoupokea wa mwanzo. Huu ndio wakati wa miwani ya jua inayokumbatia uso hadi ubavuni. Ya mtindo, iliyo wazi pembeni, inazuia mwanga lakini upepo unaingia nyuma yake na kuzunguka machoni. Ongeza kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi. Kunywa maji kwa ajili ya mwili mzima, lakini usitarajie glasi nane kuponya kope zilizoziba.

Masika, watu hudhani macho yatapumzika kwa sababu ya mvua. Kumbe madirisha hufungwa, panka huwashwa siku nzima, na kuni huwa mbichi. Kuni zilizolowa hutoa moshi mzito zaidi kuliko kavu, kwa hiyo kabla ya Machi kuisha weka kuni na makumbi ya kutosha chini ya paa. Magodoro na mapazia yakipata ukungu, yaanike jua likitoka. Ukungu huchochea mzio, na mzio na ukavu hukoleza kimoja kwa chengine.

Kusi ndio msimu mgumu kwa pwani ya mashariki: Paje, Jambiani, Bwejuu, Makunduchi. Upepo hauna vipindi, unakuja na chembe za mchanga na chumvi, na kwa kuwa ni kipupwe mtu hahisi joto, hivyo hakumbuki miwani. Mpanda vespa au bodaboda ateremshe kioo cha helmeti hata akienda mwendo mfupi. Mvuvi akirudi anawe uso kwa maji ya kunywa, si ya bahari, macho yakiwa yamefumbwa, kisha ndipo atie tone.

Wakulima wa mwani wana shida ya peke yao. Siku za bamvua maji yakitoka mbali, hukaa saa nyingi wameinama. Jua linawapiga juu, na mwanga mwengine unarudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe chini. Kofia peke yake haizuii unaotoka chini. Inahitajika miwani, na yenye kioo cha polaroidi huondoa ule mng'ao wa maji. Ifunge kwa uzi nyuma ya kichwa isianguke. Mkono wenye chumvi usipeleke machoni. Fungia leso safi kavu shingoni, ndiyo iwe ya kufutia jasho.

Wakati wa karafuu, popote unapoangukia mwaka huo, angalia pale jamvini watu wanapochambua. Konyo linavunjwa kwa kiganja, mafuta yanabaki kwenye vidole, na baada ya nusu saa mtu anajifuta jicho kwa mgongo wa kidole hicho hicho. Mafuta ya karafuu ni makali mno kwa konea, na maji matupu hayayaondoi vidoleni. Nawa kwa sabuni, mara mbili, kabla ya kugusa uso. Anayegeuza karafuu kavu asimame upande ambao upepo unatoka, ili vumbi limkimbie. Akivaa barakoa, aibane vizuri juu ya pua, kwani pengo la juu hupuliza pumzi yake moja kwa moja machoni.

Jikoni, udi na wanja

Ukipika kwa kuni au makumbi, kaa ubavuni mwa upepo. Ukiupa mgongo, moshi huzunguka mbele yako na kurudi usoni. Jikoni mwa makuti acha tundu juu, karibu na kipeo, na jengine chini upande wa pili. Usiiname kupuliza moto kwa mdomo, tumia kipepeo.

Udi na ubani ni mapambo ya nyumba zetu na hakuna haja ya kuviacha. Weka chetezo chumbani, toka, funga mlango dakika 15, kisha fungua madirisha ndipo uingie. Kujifukiza nguo ukiwa umeinamia chetezo ndiko kunakoumiza.

Wanja upake nje ya mstari wa nywele za kope, usipake juu ya ukingo wenyewe wa ndani, maana pale ndipo yalipo yale matundu ya mafuta, na unga wake huyaziba. Wanja wa manga mara nyingi huwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto. Mtoto mchanga asipakwe kabisa. Ufute kabla ya kulala kwa pamba yenye mafuta kidogo ya nazi, macho yamefumbwa, halafu safisha ukingo kwa maji. Bi harusi anayebandikwa kope za gundi aanze matone siku mbili kabla, na azitoe siku ya pili.

Usitie kitu hiki machoni

Maziwa ya mama, asali, mkojo, chai, maji ya mwarobaini, maji ya bahari, mate. Kila kimoja kinaweza kuingiza vijidudu kwenye konea ambayo tayari imepungukiwa na ulinzi wake, na kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu jeupe lisilotoka. Maji ya waridi ya dukani nayo yametengenezwa kwa chakula na manukato.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye chupa ndogo za duka la dawa. Matone yenye jina linaloishia na "sone" kwenye boksi, kama deksamethasoni (dexamethasone) na betamethasoni (betamethasone), huondoa wekundu haraka, kwa hiyo mtu huyapenda na kurudi kuyanunua. Yakitumiwa bila usimamizi wa daktari huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Mara nyingi huchanganywa na antibayotiki chupa moja, basi soma jina lote. Matone ya kuondoa wekundu, yenye nafazolini au tetrahaidrozolini, hubana mishipa kwa saa chache. Yakiisha nguvu wekundu hurudi mwingi zaidi.

Chakula, dawa nyengine na maradhi ya mwili

Samaki ni chakula bora, lakini usinunue vidonge vya omega-3 kwa ajili ya macho makavu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwapa wagonjwa gramu 3 kwa siku kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu zaidi ya wale waliopewa mafuta ya zeituni. Pesa hizo zinunue dagaa.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Mtoto anayejikwaa jua likizama, au mwenye alama nyeupe kama povu kwenye weupe wa jicho, huenda amepungukiwa na vitamini A, na ukavu wa namna hiyo unaweza kuozesha konea kwa siku chache. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, matone hayamtibu. Kumkinga, apate matone ya vitamini A kliniki kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na nyumbani mchicha, matembele, kisamvu, boga, papai, embe, na maini mara moja moja. Mboga iungwe kwa nazi au mafuta, kwani bila mafuta vitamini hiyo haifyonzwi vizuri.

Kwa mtu mzima, tazama vidonge vyako. Dawa za mafua na mzio kama klofeniramini, amitriptilini ya sonona, dawa za presha za kukojoza, na isotretinoini ya chunusi zote zinaweza kupunguza machozi. Usiache dawa mwenyewe; mwambie aliyekuandikia. Wanawake waliokoma hedhi hukauka macho zaidi, na kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na baridi yabisi huleta hali hiyo hiyo. Ukiona mdomo nao umekauka kiasi kwamba huwezi kumeza muhogo wa kuchemsha bila maji, na viungo vinauma asubuhi, hilo ni la kupimwa damu.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda siku hiyo hiyo ukiona uoni umepungua ghafla, maumivu makali, kushindwa kuvumilia mwanga, doa jeupe juu ya konea, au jicho jekundu kwa mtu anayevaa lenzi za jichoni. Lenzi itolewe mara moja. Chokaa ikiingia jichoni, usikimbilie gari. Fungua jicho kwa nguvu, limwagie maji safi mfululizo dakika 30, toa vipande vilivyoganda chini ya kope kwa pamba iliyolowa, kisha ndipo uende, na njiani uendelee kumwagia.

Kama si dharura, jipe wiki 6 za taulo, matone na kuhamisha panka. Isipobadilika, nenda kitengo cha macho Mnazi Mmoja ukiwa Unguja. Pemba anzia Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani. Chukua vidonge na matone yote unayotumia, hata ya kuazima, ndani ya mfuko mmoja. Huenda mhudumu akakuning'inizia karatasi nyembamba ndani ya kope ya chini kwa dakika 5 na kupima umbali machozi yaliofika: chini ya milimita 10 ni machache, chini ya 5 ni ukavu mkali. Haiumi, inatekenya tu. Ikiwa ulitia matone asubuhi ile, mwambie kabla hajaiweka karatasi.